Dakika Thelathini na Tano Nje ya Kabati la Joto

Jumanne, tarehe 4 Machi, mwaka 2025, saa tatu asubuhi, mama mmoja aliingia katika maabara ya hospitali kuu akiwa na daftari kwapani, ili auone moyo wa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa nyumbani, akimenya vitunguu na kulalamika kwamba vinamliza. Moyo uliokuwa ukisubiri kutazamwa ulikuwa mwingine. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, nao ulikuwa umekuzwa ndani ya kisahani cha plastiki.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa taratibu, kama mama mwenyewe alivyoelezwa.

Binti alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na kifafa kilimwanza akiwa na kumi na mitatu. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Dawa ya pili ilikituliza kifafa lakini ikaligeukia ini; macho yakawa ya manjano, na binti akalazwa wiki tatu. Alipoachishwa dawa hiyo kifafa kilirudi kwa kishindo. Siku moja kilimkuta akiwa anapiga pasi gauni la mteja, akaangukia pasi. Kovu lilibaki kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko. Tangu siku hiyo cherehani yake ilifunikwa shuka, na yeye, fundi aliyekuwa na wateja wanaompangia foleni, akawa mtu wa kumenya vitunguu.

Ilibaki dawa ya tatu. Hata hivyo, dawa hiyo ilijulikana kuisumbua mioyo ya watu wachache, na baba yake binti alikuwa ameanguka kazini akiwa na miaka arobaini, mikono ikiwa bado kwenye toroli, moyo ukiwa umesimama. Hakuna aliyejua kama binti alikuwa amerithi moyo wa baba yake.

"Siwezi kumjaribia dawa hii yeye mwenyewe," daktari mkuu alimwambia mama. "Kwanza tuijaribu kwa seli zake, nje ya mwili wake."

Mama aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa ameelewa hata chembe. Aliyemfungua macho alikuwa mtaalamu wa maabara, dada mwembamba ambaye wenzake walimpachika jina la Yaya, kwa sababu alizilisha seli zake kila siku ya Mungu, hata sikukuu.

"Tulichukua damu ya binti yako, mama," Yaya alisema. "Seli za damu zimeshakua, zimeshajua kazi yao. Sisi tunazirudisha nyuma, pole pole, mpaka zinasahau kwamba zilikuwa damu. Zinakuwa changa kama zile za mwanzo kabisa wa mimba, zinazoweza kuwa kitu chochote. Hizo ndizo tunaziita seli shina. Halafu tunazilea upya. Kundi hili tunalilisha hivi, linakuwa moyo. Lile tunalilisha vile, linakuwa ini. Lile jingine, ubongo."

"Kwa hiyo umemzaa binti yangu mara ya pili."

"Vipande vyake tu, mama. Kelele zote bado unazo wewe nyumbani."

Mama alicheka, akampenda dada yule papo hapo.

Kabla ya kutoa damu ilikuwapo fomu ya ridhaa yenye kurasa kumi na mbili. Karani alimsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba, kama alivyozoea kuwasogezea wanawake wa umri wake.

"Kidole gumba changu kimestaafu, mwanangu," mama alimjibu. "Nipe kalamu. Lakini kwanza nisome."

Alisoma kwa saa mbili na nusu, kidole cha shahada kikitembea chini ya kila neno, wakati karani akitazama saa, dari, na mwishowe kucha zake. Mama alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima, mwaka wa pili. Mwalimu wake aliwapa wanafunzi wote kanuni moja: kila siku, uandike sentensi tano za jambo uliloliona kwa macho yako, uanze kwa siku, tarehe, mwezi na mwaka, na panapokuwa na saa, uandike saa. Wenzake wengi waliruka siku. Mama hakuwahi kuruka hata moja. Alikuwa ameingia darasani akiwa na miaka arobaini na minane, na alihisi kwamba kila siku isiyoandikwa ilikuwa inarudi kule alikotoka.

Basi, asubuhi ile ya tarehe 4 Machi ilikuwa ndiyo siku ya kipimo cha moyo. Kipimo cha ubongo kilikuwa kimepita: vipande vya ubongo vilivyokuwa vikirusha umeme ovyo kwenye skrini, kama radi zisizo na mvua, vilikuwa vimetulia mara vilipotiwa dawa ya tatu. Ini nalo lilikuwa limeivumilia dawa wiki nzima bila kudhurika. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Saa tatu kamili, Yaya aliweka dawa ya tatu katika kisahani kimoja cha tishu ya moyo. Kisahani cha pili, pacha wake, hakikutiwa kitu. Vyote viwili vikarudishwa katika kabati la joto, ambalo ndani yake joto ni lile lile la mwili wa mtu. Saa nne kamili mapigo yangehesabiwa.

Mama alisimama mlangoni akiwa amevaa koti jeupe la kuazimwa lililomfika magotini.

"Dada, ningeomba niuone," alisema. "Mara moja tu. Baba yake sikuwahi kuuona moyo wake, niliusikia tu, nikilaza kichwa."

Yaya alisita. Alitazama saa ya ukutani, ikaonyesha saa tatu na dakika ishirini. Akafungua kabati, akatoa kisahani chenye dawa, akakiweka chini ya hadubini.

"Dakika mbili, mama. Funga jicho moja. Usiiguse meza."

Mama alifunga jicho moja. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha aliona kitu cha rangi ya waridi hafifu, kama ukoko wa uji, kikijikunja na kujikunjua. Kikijikunja na kujikunjua. Bila kuchoka, bila kuamriwa na mtu. Alishika ukingo wa koti kwa mikono miwili ili asiiguse meza.

Wakati ule ule simu ililia. Mitungi ya gesi ya makabati ya joto ilikuwa imefika getini, na dereva alikataa kuishusha bila sahihi ya maabara.

"Narudi sasa hivi," Yaya alisema, akatoka mbio.

Dereva alikuwa mbishi. Mitungi ilikuwa pungufu ya ile iliyoagizwa, ikahesabiwa mara ya pili, na mara ya tatu. Huko juu mama hakuthubutu kukigusa kisahani. Aliyatazama mapigo mpaka jicho likachoka, kisha akafungua daftari, akanakili maandishi yaliyokuwa kwenye kifuniko, herufi kwa herufi: MOYO. DAWA YA 3. SAA 3:00. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma juu ya kichwa chake, naye akajifunga mtandio shingoni. Yaya aliporudi akihema, alikinyakua kisahani, akakirudisha kabatini, akamsindikiza mama hadi kwenye ngazi. Saa nne kamili alikitoa tena akahesabu.

Ijumaa ya wiki ile barua ilifika. Mama aliisoma mwenyewe mezani, binti akiwa amesimama nyuma yake. "Tishu ya moyo iliyotiwa dawa ya tatu ilishuka hadi mapigo saba kwa dakika ndani ya saa moja. Tishu isiyotiwa dawa iliendelea na mapigo hamsini na manne. Kwa usalama wa mgonjwa, dawa ya tatu imeondolewa katika orodha yake."

Binti alikwenda kwenye cherehani, akalivuta shuka likafunika vizuri hata miguu ya meza.

"Si neno, mama," alisema bila kugeuka. "Na vitunguu vinahitaji fundi."

Mama aliikunja barua, akaitia ndani ya daftari.

Jioni ile hakutaka kwenda darasani, lakini alikwenda. Ijumaa ilikuwa siku ya kila mwanafunzi kusoma kwa sauti ukurasa mmoja wa wiki yake. Zamu yake ilipofika alisimama, akasoma ukurasa wa Jumanne, kwa kuwa ndio uliokuwa na furaha:

"Jumanne, tarehe 4 Machi, mwaka 2025. Saa tatu na dakika ishirini dada alitoa kisahani kwenye kabati la joto akaniwekea nione. Moyo wa mwanangu unadunda kama unaharakisha kwenda mahali, lakini baadaye ulianza kudunda pole pole, nikadhani umenizoea. Chumba kina baridi, nilijifunga mtandio. Saa nne kasoro dakika tano dada alirudi, akakirudisha ndani."

"Ngoja hapo hapo!" ilisema sauti kutoka dawati la nyuma. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kuku kutoka mtaa wa pili, maana kuku ndio waliokuwa kazi yake. Darasa zima lilimwita Mama Vifaranga. "Hebu nihesabie, shoga. Tatu na ishirini mpaka nne kasoro tano. Hizo ni dakika ngapi?"

"Thelathini na tano," mwalimu alisema.

"Dakika thelathini na tano nje ya joto! Kwenye kiyoyozi!" Mama Vifaranga alipiga dawati. "Mimi nina kabati la kuangulia mayai. Siku umeme ulipokatika, nikipima yai kwa taa, kile kimoyo ndani kinazorota, kinazorota, mpaka unadhani kimekufa. Ukirudi umeme, kinaamka. Ningeyatupa yale mayai, ningetupa vifaranga wazima. Wewe umeniambia moyo ulianza kupunguza. Ulikuzoea wapi? Ulikuwa unaona baridi!"

Darasa lilicheka. Mama alibaki amesimama. Mambo mawili yalimjia kwa pamoja, na la pili lilikuwa chungu. La kwanza: huenda dawa haikuwa na hatia. La pili: kama ni hivyo, aliyeuzorotesha moyo ule ni yeye na tamaa yake ya kuona, pamoja na dada aliyemhurumia. Kulisema hilo mbele ya daktari mkuu kulikuwa sawa na kumkabidhi Yaya mikononi mwake.

Jumamosi na Jumapili aliligeuza jambo hilo kichwani kama mtu anayetafuta upande wa kushika chungu cha moto. Jumapili jioni alimwona binti akipapasa kovu lake bila kujua kwamba anatazamwa, kidole kikifuata mstari ule kama kinavyofuata mshono. Basi, mama akapiga moyo konde.

Jumatatu, tarehe 10, kabla hajakwenda kwa daktari, alimtafuta Yaya kwanza. Alimkuta kwenye korido, akamwonyesha ukurasa. Yaya alisoma. Uso wake ulipauka.

"Nilidhani ni dakika kumi," alinong'ona. "Wale watu wa mitungi… Mama, nilidhani ni kumi tu. Na dakika tano za kabatini hazikutosha kukipasha."

"Mimi nitasema kwamba nilikuomba mimi," mama alisema. "Kosa ni langu kama lilivyo lako. Lakini kusema, nitasema, mwanangu. Sikukuja kukuficha wala kukushtaki. Nimekuja ujue kabla yake."

Daktari mkuu alikuwa mtu wa nywele za kijivu, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alisikiliza akiwa ameshika faili la mgonjwa mwingine, Yaya akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini maabara haiendeshwi kwa daftari la kisomo."

"Basi iendeshwe kwa saa ya ukutani, daktari. Saa ni ya kwenu. Mimi niliiandika tu."

"Kipimo kimeshapita. Tishu ile tumeshaitia dawa ya kuhifadhi, imekwisha, hatuwezi kuirudia. Kamati ya hospitali imeshasaini."

"Kamati ilisaini juu ya dawa. Juu ya baridi hakuna aliyesaini, maana hakuna aliyeijua. Binti yangu akinyimwa dawa kwa sababu moyo wake unaikataa, nitashukuru na kwenda zangu. Akinyimwa kwa sababu mama yake aling'ang'ania kuchungulia, hapo sitoki."

Akaketi, daftari mapajani, mikono juu ya daftari. Alikuwa na namna ya kuketi ambayo karani wa fomu angeitambua.

Daktari alimgeukia Yaya. "Ni kweli?"

Yaya aliondoka mlangoni, akasogea hadi kando ya kiti cha mama.

"Ni kweli, daktari," Yaya alisema. "Kilikaa nje. Mimi ndiye niliyekitoa, na sikuandika."

Daktari alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya usoni, akagundua, akaivua kwa hasira. Alilichukua daftari. Alisoma ukurasa ule mara mbili, na mara ya pili kidole chake kilikuwa chini ya maneno.

"'Ulianza kudunda pole pole,'" alirudia. "Uliona hivyo kabla ya saa nne?"

"Nilipoandika hivyo saa ilikuwa tatu na dakika arobaini."

Alilifunga faili la yule mgonjwa mwingine. "Tuna seli zake zilizogandishwa," alisema hatimaye. "Zinatosha kwa mara moja. Mara moja tu, mama; zikiharibika, ni kuanza upya na damu mpya na miezi mingi. Tutafanya visahani vitatu. Cha kwanza kina dawa, kinakaa kwenye joto muda wote. Cha pili hakina dawa, kwenye joto. Cha tatu hakina dawa, tunakitoa nje dakika thelathini na tano, chini ya kiyoyozi kile kile. Hapo tutajua aliyeuzorotesha moyo ni nani." Kisha akamwambia Yaya, "Na wewe ndiye utakayezilea. Unaijua sasa gharama ya baridi kuliko mtu yeyote humu."

Seli ziliyeyushwa, zikalishwa, zikasubiriwa siku kumi na nane. Yaya alimletea mama habari kila baada ya siku mbili kwa simu, kama mtu anayeuguza: leo zimeshikamana, leo mbili zimeanza kutikisika, leo zote zinadunda kwa pamoja.

Ijumaa, tarehe 28 Machi, mama alikuja na binti. Yaya aliwafungulia mlango.

"Ingieni. Safari hii daktari ameruhusu."

"Mimi siingii," mama alisema.

"Mama!" binti alisema. "Tumetoka nyumbani alfajiri."

"Nitakaa hapa kwenye benchi. Sitaki mlango ufunguliwe kwa ajili yangu. Nimeshauona, unanitosha."

"Basi na mimi nauacha," binti alisema, akaketi kando yake. "Mmoja uko kifuani, mingine sahanini. Wakiniongezea mwingine nitaubeba mfukoni."

Kwenye mlango kulikuwa na kioo kidogo cha mraba. Kupitia kioo hicho mama alimwona Yaya akitoa kisahani kimoja na kukiweka chini ya kiyoyozi. Alimwona akiandika dakika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Visahani vingine viwili vilihesabiwa ndani ya kisanduku chenye joto kilichofunika hadubini nzima. Daktari mkuu alihesabu mwenyewe, kwa jicho na kwa mashine. Mama hakuomba, kwa kuwa alikuwa ameshaomba wiki tatu. Alihesabu pumzi za binti yake tu, akipoteza hesabu na kuanza upya.

Uso wa Yaya ulitokea kwenye kioo. Aliigiza kuinua kisahani kwa mkono mtupu, akatetemeka kama mtu wa baridi, akaonyesha vidole vitano na kimoja. Kisha akaonyesha kibandiko kikubwa cha karatasi alichokuwa ameandika kwa kalamu nene, akijua anayeandikiwa ni nani. Mama alisimama, kidole kikifuata maneno juu ya kioo:

DAWA YA 3, KWENYE JOTO: MAPIGO 51. BILA DAWA, KWENYE JOTO: 54. BILA DAWA, KWENYE BARIDI: 6.

"Soma kwa sauti, mama," binti alisema.

Mama alisoma kwa sauti. Alisoma hadi nukta ya mwisho, kisha akarudia tangu mwanzo.

Daktari alitoka akawaambia bila mapambo. Hamsini na moja ilikuwa pungufu kidogo ya hamsini na nne, kwa hiyo dawa ingeanza kwa kiasi kidogo, na moyo wa kifuani ungepimwa kila wiki kwa miezi mitatu. Tishu ya kisahani ilisema mengi, lakini haikusema yote. Binti alikubali. Yaya aliandikiwa barua ya onyo, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Na kwenye karatasi ya kila kipimo cha maabara ile kukaongezwa safu moja isiyokuwapo zamani: "Kisahani kimekaa nje dakika ngapi?"

Katika miezi sita iliyofuata kifafa kilimjia binti mara mbili. Miezi sita ya nyuma kilikuwa kimemjia mara kumi na tisa. Hakikwisha, na mama hakuandika kwamba kilikwisha. Jumatano, tarehe 8 Oktoba, mwaka 2025, aliandika sentensi zake tano, na ya tano ilikuwa hii: "Saa nne na robo asubuhi binti alivua shuka kwenye cherehani, akalikunja, akaniambia nimtafutie mtu mwingine wa kumenya vitunguu."

Wewe uliyeisoma hadithi hii hadi hapa, hata kama ilikuchukua saa mbili na nusu kama fomu ile, usiiweke juu ya kabati ikale vumbi. Mpe jirani ambaye bado anasogezewa kidau cha wino, akae nayo, afuatishe kwa kidole. Naye akimaliza, ampe mwingine.